Kisu cha Kukatia Nyuzi za Kioo

Mwaka 1989 mkaguzi alitoka Kinshasa kuja Kalemie kuchunguza kisu cha kukatia nyuzi za kioo, zile zinazopitisha simu kwa mwanga. Célestin alikuwa amekiombea brevet, hati ya uvumbuzi, kwa jina lake. Aliyekibuni ni Pascasie, fundi mwenzake, na donge lilikuwa limemkaa rohoni.

“Mama, unadai kisu ni chako?” mkaguzi akamuuliza mbele ya Célestin.

“Sidai kitu, Papa. Mwaka juzi nilikata nacho nyuzi kwenye sikukuu ya reli, watu wote wakiona. Célestin huyu njo alinishikia tochi.”

Mkaguzi akafunga mkoba. Kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, wala hakimpatii mtu yeyote brevet.

“Umejinyima na wewe,” Célestin alinong'ona.

“Mimi ulishaninyima,” Pascasie akasema. “Leo ilikuwa zamu yako.”