Uzi wa Manjano

Bibi Cherehani alikuwa na desturi yake ya miaka arobaini. Kila nyumba aliyoishonea aliipa rangi yake ya uzi, akapiga mafundo matatu madogo ndani ya ukosi. Nyumba ya mwashi uzi wa buluu, ya muuza mkaa uzi mwekundu, ya mwalimu kijani. Alianza hivyo ili watoto wasigombanie nguo kwenye kamba ya kuanikia. Nyumba yake mwenyewe aliipa manjano.

Asubuhi hiyo muuguzi wa hospitali alikuja mlangoni, akakataa kiti. Alieleza kwamba lori limeleta maiti kumi na nne kutoka vitani. Wamekaa juani siku nyingi, sura hazitambuliki, vitambulisho hawana. Nguo zao zimetiwa mifukoni, kila mfuko na namba yake. Na yeye amesikia habari za zile nyuzi.

Mkamwana alimshika bibi mkono. Mumewe, kitinda mimba wa bibi, alikuwa vitani mwezi wa nane sasa, bila barua.

"Mama, usiende. Ukikuta ya kwetu?"

"Ya kwetu kama ipo, ipo hata nikijifungia chooni."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, lakini viatu alivivaa cha kulia kushoto, na hakugundua mpaka amefika kwenye geti la hospitali.

Chumba kilikuwa na meza ndefu ya saruji na harufu ya dawa iliyochoma macho. Muuguzi alifungua mfuko, bibi akapindua ukosi kwa kidole gumba. Buluu. Mwashi alikuwa na kijana mmoja tu. Bibi alitaja nyumba, muuguzi akaandika. Mifuko mitatu iliyofuata haikuwa kazi ya mkono wake. Kila ukosi mtupu ulimshusha pumzi, na kila pumzi ilimtia aibu, maana ukosi ule nao ulishonwa na mtu. Wa sita ulikuwa mwekundu. Akataja nyumba ya muuza mkaa, akaegemea meza.

Wa tisa ulikuwa manjano.

Hakulia. Muuguzi alimsogezea kiti, akakaa, shati likiwa mapajani, na mikono, kwa mazoea tu, ikaanza kulikagua: vifungo, kwapa, pindo.

Pindo halikuwepo.

Mwanawe aliye vitani walimwita Kipisi kwa ufupi wake. Mama yake humwachia pindo pana kwenye kila shati, kana kwamba bado atarefuka, naye humcheka: "Mama, nina miaka thelathini, nimeshafika mwisho wa reli." Sasa pindo limefumuliwa na shati kurefushwa shibiri nzima. Mikono ya shati nayo imeshushwa. Mishono yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, mirefu, imepinda kama nyayo za kuku. Bibi aliijua. Alimfundisha Kipisi kushona akashindwa.

"Huyu ni mrefu?" aliuliza.

Muuguzi alitazama daftari lake. Alikuwa mrefu sana, miguu ilipita machela.

Bibi alifumba macho. Furaha ilimpanda, na hapohapo akaiogopa, maana kwingineko mama mwingine alikuwa akiangalia njia. Na Kipisi alikuwa wapi, bila shati lake?

"Basi nimwandike hajulikani," alisema muuguzi.

"Usimwandike hivyo. Mwanangu alikaa chini akamshonea, na yeye sindano haipendi. Andika kwao ni nyumba ya uzi wa manjano, mpaka wenyewe waje. Tutamzika sisi."

Muuguzi aliandika polepole.

Bibi alilikunja shati vizuri, ukosi juu. Mifuko mitano ilikuwa bado, na Kipisi aliondoka na mashati mawili. Akauvuta wa kumi.