Fonie ya Mama Scholastique

Destin, muuza simu za intaneti, alimshauri Mama Scholastique aachane na fonie, ile redio aliyoagizia mchele wa depo yake kutoka Punia tangu zamani. Mama akamjia juu.

"Fonie hii ilitumika vita yote. Ya kwako, mvua kidogo tu, kimya."

"Lakini kwa hii yangu, mama, muntu mwingine hasikii munachosema."

Mama akaitazama fonie. Wakati wa vita alimuuliza mumewe, Léon, kwa fonie atapita njia gani na mchele. Léon akaitaja, na kila mwenye redio akasikia. Askari wakamngoja hukohuko, wakamuua.

"Weka simu yako leo," alisema, akiing'oa fonie mezani. "Na usicheke. Umechelewa miaka ishirini."