Foleni Iliyokula Sauti ya Baba

"...na huyo aliyebuni upuuzi huu wa kufunga watoto tepe mmoja mmoja, popote alipo, Mungu amsimamishe kwenye foleni ndefu kuliko hii!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyesema ni mama mmoja wa miwani ya jua, amewashika mapacha wake huku na huku kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, na alikuwa ametoa kile ambacho kila mtu alikuwa anakitafuna kimoyomoyo tangu mchana. Kasuku naye akacheka, tena kuliko wote, mpaka machozi yakamtoka. Akageuka aone baba yake anachekaje. Baba hakuwa anacheka.

"Ni mimi," baba akasema.

"Ni wewe nini?"

"Aliyebuni."

Weee! Kasuku akaziba mdomo kwa mikono miwili. Na kwa Kasuku kuziba mdomo si jambo dogo, maana tuseme ukweli, mdomo wa msichana huyu haukujua likizo. Jina la Kasuku alipewa na baba yake mwenyewe akiwa na miaka miwili, na huko chuoni wenzake walimwita redio. Jambo likitokea alfajiri, yeye angekuwa amelisambaza bweni zima kabla chai haijachemka. Sasa hebu fikiria: baba mzazi, amefanya kazi kwenye geti hilihili la bustani ya bembea miaka ishirini na sita, amestaafu, amekaa nyumbani, na habari kubwa kama hiyo hajaitoa!

"Baba! Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi ya kusema lini?"

Sauti yenyewe ilikuwa imebaki ya kukwaruza, kama kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria. Aliitoa kidogokidogo, mkono mmoja kooni, kama anaishikilia isidondoke. Na alikuwa na sababu. Kesho saa mbili asubuhi alitakiwa kuingia chumba cha upasuaji, na daktari hakuwazungusha. Aliwakalisha wote wawili, akavua miwani, akasema, "Mzee atapona. Atakula, atatembea, atalima bustani yake. Lakini kusema ndiyo basi."

Ndiyo basi! Kasuku alilia siku mbili. Siku ya tatu akajipangusa, akamwuliza baba yake, sauti yako ya mwisho unataka tuitumie wapi? Alidhani atasema tuwapigie simu shangazi zako, au tumwite jirani tupige soga. Baba akasema anataka kwenda bustani ya bembea, kule kwenye geti lake la zamani, apande lile gurudumu kubwa la viti mpaka juu kabisa.

"Nikifika juu nitakuambia jambo."

"Si uniambie hapahapa jikoni?"

"Hapa hapana. Juu."

Basi ndiyo hivyo walivyojikuta kwenye foleni tangu saa saba mchana, jua linawachoma utosini, mbele yao vichwa tu. Saa ya ukutani pale getini ilionyesha saa kumi na robo. Geti lilikuwa linafungwa saa kumi na moja kamili. Na foleni ilikuwa inakwenda mwendo wa kinyonga, kisa ni zile tepe. Kila mtoto aliyefika aliandikiwa namba kwa mkono kwenye utepe wa kitambaa, akafungwa kwenye kifundo cha mkono. Mtu mzima aliyekuja naye akafungwa wake, namba ileile. Kisha namba ikaingizwa daftarini. Wakati wa kutoka tepe zililinganishwa, na zisipofanana mtoto hatoki hata alie vipi. Ukiwa na watoto watano, umefungiwa tepe kumi, na mmoja wao lazima aseme anataka kukojoa.

Mlinzi wa geti, dada mmoja mrefu mwenye kalamu ya wino mzito nyuma ya sikio, alikuwa anapita kandokando ya foleni akiwataka watu wasisukumane. Akamwona baba, aliyemfundisha kazi hiyo, akasimama ghafla.

"Mwalimu! Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Bado unaandika saba yako kama moja?"

"Nimeacha, mwalimu, nimeacha!" Dada akacheka mpaka akajipiga paja. Kisha akainama, akanong'ona. "Lakini wewe ndiye wa kupanga foleni kweli? Hebu piteni upande huu, nawafungulia kageti ka wafanyakazi."

Kasuku alishakamata mkono wa baba yake, mguu mmoja nje ya foleni. Baba hakusogea.

"Nikipita mimi, na huyu atapita na mjomba wake, na yule na jirani yake. Nenda kaandike."

"Mwalimu hujabadilika," dada akasema, akaenda zake anatikisa kichwa.

Hapo Kasuku damu ilimchemka. "Baba, mbona unanifanyia hivi? Tutafika lini? Nikiwa bibi?"

"Tutafika."

"Gurudumu lenyewe lile pale, naliona, linazunguka bila sisi!"

Baba alikuwa anaweka akiba ya maneno, na Kasuku alijua, na kujua huko ndiko kulikomuuma. Kila dakika pale chini ilikuwa inakula sauti ya kule juu ya gurudumu. Akaanza kuhesabu. Mbele yao watu hamsini na wanane. Baada ya dakika kumi, hamsini na mmoja. Akapiga hesabu kwa vidole, akapiga tena kwa simu, zote zikakataa. Hawafiki. Na kesho hakuna.

Uvumilivu ukamwishia. Akajipandisha kwenye bomba la kizuizi, mkono mmoja begani kwa baba yake, akapaza sauti yake yote ya Kasuku:

"Fungua geti! Fungua geti!"

"Shuka," baba akasema. Hakusikika.

"Fungua geti!" akaitikia mama wa miwani. "Fungua geti!" wakaitikia wa nyuma yake. Makofi yakaingia. Dakika haikupita, foleni nzima ilikuwa inaimba, na Kasuku kule juu ya bomba anaongoza kwa mkono kama mwalimu wa kwaya, moyo umemjaa, anajiona leo amefanya jambo. Kwa mara ya kwanza tangu kwa daktari alijisikia ana nguvu.

Kisha wa nyuma wakaanza kusukuma.

Kwanza kidogo tu. Halafu bomba likalia. Halafu Kasuku akatupwa chini, akaangukia migongo ya watu, na alipoinuka foleni haikuwa foleni tena, ilikuwa mwili mmoja unaobanwa kuelekea getini. Mama wa miwani alikuwa anapiga yowe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mtoto. Wa kulia haukuwa na kitu.

Ndipo Kasuku akaisikia sauti.

"SIMAMA! Kila mtu amshike mtoto wake! Simama hapohapo ulipo!"

Hakuijua mara moja. Ilikuwa nzito, pana, ya mtu aliyezoea kuamrisha umati bila kipaza sauti. Ilirudia, "Shika mtoto! Shika mtoto!" mara nne, mara tano, na watu wakasimama kweli, mmoja mmoja, kila mtu akatazama chini kutafuta mkono wa wake. Palipopatikana nafasi, Kasuku akaona baba yake, mishipa ya shingo imesimama, mkono mmoja juu, na mkono mwingine umekamata ukosi wa pacha aliyepotea.

Mlinzi wa geti na wenzake walikuwa wameshavuta milango ya chuma. "Leo basi!" dada akatangaza. "Kwa usalama wenu. Hakuna anayeingia tena!"

Watu wakanuna, wakatukana, wakaanza kutawanyika. Mama wa miwani alikuja akampokea mtoto wake, akamkumbatia. "Ahsante, baba yangu. Mungu akupe maisha marefu." Baba akaitikia kwa kichwa tu.

Walikaa ukingoni mwa barabara, mkabala na geti. Kasuku hakuwa na pa kuweka uso.

"Baba, nisamehe. Ni mimi nimefungisha geti."

Baba akameza mate kwa shida. Alipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa mnong'ono. Ilibidi Kasuku ainame mpaka sikio likaribie kugusa ndevu zake, na anyamaze kabisa. Na akanyamaza.

"Walikuwa wanaimba hivyohivyo," baba akasema.

"Nani?"

"Watu. Miaka ishirini na minne iliyopita. Jumamosi, watu wamejaa kama leo. Wananiita kobe, wananiita mzigo. Nilikuwa kijana, nikachoka kutukanwa. Nikafungua milango yote miwili. Nikasema wanaoingia ingieni, wanaotoka tokeni." Akapumzika. "Wakakutana katikati. Palikuwa na mwanamke na binti wa miaka minne. Mama akasukumwa huku, mtoto kule. Mtoto akatoka nje ameshikwa mkono na mtu. Mimi niliwaona, Kasuku. Nikawapisha. Nilidhani ni baba yake."

"Akapatikana?"

"Hakupatikana."

Gari la kuzoa taka lilipita, likaondoka. Baba akasubiri kelele ziishe, maana asingeweza kuzishinda.

"Wiki ile ile nikaanza tepe. Mabosi walikataa, nikanunua kitambaa mwenyewe. Na yule mama akawa anakuja. Kila Jumamosi. Anasimama pale, karibu na ile nguzo, anatazama watoto wanaotoka."

Kila Jumamosi. Kila Jumamosi! Hadithi hii Kasuku aliijua. Ilikuwa utani wa nyumbani kwao tangu azaliwe: baba akiwa na wageni husema, "Huyu mwanamke alikuja getini kwangu kila Jumamosi, kila Jumamosi, mpaka sikuwa na la kufanya ila kumuoa." Wageni wanacheka. Na mama, Mungu amrehemu, mwaka wa tatu sasa, kila mara alikuwa anatabasamu kidogo, kisha anainuka kwenda kutazama jiko. Kasuku alidhani ni aibu ya mapenzi. Jamani! Yeye mwenyewe alikuwa ameusimulia utani ule bwenini, amewavunja wenzake mbavu.

"Baba. Huyo mama..."

"Ndiyo."

"Mama?"

"Mama yako."

Redio nzima, kimya.

"Jioni nilikuwa nampandisha kwenye gurudumu," baba akaendelea, sasa kila neno analivuta kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani. "Watu wakasema tunapendana. Hatukuwa tunapendana. Tulikuwa tunatazama vichwa. Kutoka juu unaona kila mtoto. Ndiyo maana nilitaka nikuambie juu. Hapa chini siwezi kukuonyesha."

"Alikusamehe?"

Baba akaitazama ile nguzo. "Nilimuuliza mara moja. Akaniambia, wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemwona."

Kasuku akaanza kulia bila sauti, machozi tu yanateremka, hata hayafuti.

"Kwa hiyo nina dada."

"Una dada. Ana miaka ishirini na nane. Mama yako alinikataza kukuambia. Alisema, huyu mwache akue anacheka."

"Anaitwa nani?"

Baba akafungua kinywa. Pumzi ikatoka. Akakunja uso, akakohoa, akaweka vidole viwili kooni na kujaribu tena. Midomo ilitengeneza kitu, lakini hakuna kilichosikika, hata mnong'ono. Zile kelele za getini, shika mtoto, shika mtoto, zilikuwa zimebeba kila kilichobaki.

Kasuku akachakura mkoba, akatoa kalamu na karatasi ya ratiba ya chuo, akaigeuza nyuma. "Andika, baba. Andika tu."

Baba aliisukuma kalamu, si kwa hasira. Akamshika Kasuku kisogoni, akamvuta karibu, na baada ya kitambo sauti ikarudi, nyembamba kama uzi.

"Nimeliandika mara nyingi. Karatasi mia mbili, tukabandika mji mzima. Kwenye kuta, kwenye nguzo. Mvua ikazila." Akavuta pumzi. "Tangu mama yako afe sijalisikia likitamkwa. Nataka kulisema. Nataka usikie linavyosemwa."

"Basi usiseme sasa. Pumzika. Nyamaza kabisa."

Aliitikia kwa kichwa. Lile gurudumu lilikuwa limesimama, wafanyakazi wanavifunika viti vyake kwa turubai. Dada wa geti aliwapungia mkono kutoka ndani, Kasuku akampungia. Kisha akamsimamisha baba yake, akampa bega, wakaanza kutembea polepole kuelekea kituoni. Kichwani Kasuku alikuwa na maswali yanagombania mlango: dada yangu alikuwa amevaa nini, alikuwa anaogopa giza, alikuwa anaongea sana kama mimi? Na kubwa kuliko yote, je, sauti isiporudi mpaka asubuhi? Hilo alilimeza.

Kwenye kona baba alisimama. Akainamisha kichwa sikioni mwake.

"Kesho," akasema. "Mapema. Kabla hawajanisukuma ndani. Jina, na vile alivyokuwa, na alivyocheka. Yote nitakuambia kesho."

"Sawa, baba," Kasuku akasema, na hakuongeza neno. "Kesho."