Gari Lisiloshika Moto

"Hili gari langu hata likipita jehanamu litatoka limepauka rangi tu," Celestino alizoea kuwaambia wenye teksi wenzake wa mtaa wa Sherikat, huku akilipiga boneti kofi kama anayesifia ng'ombe wake. Jumanne likawaka moto karibu na daraja, hata kabla ya kuifikia hiyo jehanamu. Yeye aliruka nje, nyusi zimeungua. Gune, rafiki yake aliyekaa kiti cha pembeni, hakutoka.

Alhamisi wenye magari walikutana stendi. Ndugu wa Gune walikuwa wametuma neno: waambiwe nani wa kuwajibika kwa kifo hicho, kiwanda au dereva. Santina, mjane wake, alikuja kusikiliza kwa niaba yao. Alikaa pembeni, kitambaa cheusi kichwani.

"Kiwanda!" Celestino alianza. "Waya zao zinayeyuka kama mshumaa. Wanatuuzia majeneza yenye magurudumu! Tuandike barua, sote tutie sahihi."

"Ile kiwanda ilitengeneza gari ya barabara," alisema Kenyi, dereva mwenzake. "Wewe iko unaendesha kwa mashimo."

Wakacheka, wakamkumbuka Santina, wakanyamaza.

Mzee Pitia, mkubwa wa stendi, hakuwa amecheka. "Hao wa kiwanda watatuuliza. Petroli ulikuwa umeiweka wapi?"

Tangu vita vianze petroli ilikuwa haba, na ukiiacha kwenye tangi, watu wenye bunduki wanaifyonza wewe ukiwa kwenye foleni ya mkate. Kwa hiyo wengine waliiweka kwenye dumu ndani ya gari, wakapitisha mpira hadi kwenye injini, na jioni wakaenda kulala na dumu lao uvunguni. Stendi ilipiga marufuku mtindo huo gari la Jada, dereva mwenzao, lilipoteketea. Celestino ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza kukubali.

"Kwenye tangi, Mzee. Ningeiweka wapi tena?"

"Nani alikuona?"

"Nilikuwa na Gune tu. Naye ndiyo hivyo..." Akainamisha kichwa, taratibu, vizuri kabisa. Wanaume nao wakainamisha vyao. Kenyi alikuwa ameshatoa kalamu.

Santina akasimama.

"Shemeji, lile dumu la njano lililokuwemo garini mwako ni langu, la mafuta ya kupikia. Jumanne asubuhi Gune alilichukua jikoni, akasema lako limepasuka. Nikamfuata mpaka garini, maana alikuwa ameacha chai yake." Alivuta pumzi. "Wewe ndiye uliyeingiza mpira. Mdomo wa dumu ukauziba kwa kitambaa changu cha jikoni. Ukamwambia alikumbatie, lisiyumbe."

Kenyi akarudisha kalamu mfukoni. Wanaume walitazama viatu vyao. Ni Santina peke yake aliyekuwa akimwangalia Celestino, bado amesimama.