Kitalu B

Padri aliwaambia watahiniwa wainue kalamu zao zibarikiwe kabla ya mtihani, na kalamu mia moja na nne zikapanda juu bwaloni, zikifuatwa na rula, vikokotoo na mikebe ya vifaa vya hisabati. Mutanu Muthoka aliinua yake kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni mwa sketi, ukikunja na kukunjua utepe wa kupimia aliopewa na fundi cherehani wa sokoni. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Kwa Ijumaa saba mfululizo, saa sita kamili ilikuwa imemkuta shambani.

"Tulia," Mwendwa alimnong'oneza. Walikuwa wamekaa pamoja tangu Kidato cha Pili. "Unatikisa benchi mpaka maji ya baraka yananikosa."

"Walisema ni nusu saa. Imekuwa saa moja na dakika tano."

"Sasa unampima hata padri?"

Hakuna aliyetulia wiki hiyo. Vitabu vya kiada vilikuwa vimerudishwa, rafu zikabaki tupu, na mikono ikakosa cha kushika. Wavulana walikuwa wameandikiana majina kwenye mashati kwa wino mzito, jambo ambalo mwalimu mkuu alikuwa amelikataza, na kwa hiyo walikaa na sweta zao zimefungwa hadi shingoni katika joto la Oktoba. Wasichana walizungusha daftari za kumbukumbu. Ndani ya kila daftari kulikuwa na swali moja lisilokwepeka: baada ya mtihani, wapi?

Mutanu aliacha nafasi hiyo wazi kila alipoletewa daftari. Majibu yake yalikuwa mawili na hakujua lipi lingekuwa la kweli. La kwanza lilikuwa Kivaa, nyumbani, akichunga mbuzi kwa miezi tisa hadi vyuo vifunguliwe. La pili lilikuwa kituo cha utafiti wa mimea ng'ambo ya bwawa la Masinga. Kila mwaka kituo hicho kilichukua mwanafunzi mmoja wa shule hiyo aliyemaliza, kikampa chumba, mizani na daftari, akarekodi vipimo vya mazao kuanzia Januari. Orodha ya waliotuma maombi ilikuwa imepunguzwa hadi majina mawili, lake na la Kabiru. Jumatatu angekuja Bwana Wathome, ofisa wa kituo, ayatazame majaribio yao na kuchagua.

Jaribio la Mutanu liliuliza kitu kimoja tu: magugu hula kiasi gani? Alikuwa na vitalu viwili vya sukuma wiki, kila kimoja mita tatu kwa mbili, miche ishirini na minne, samadi sawa, maji sawa. Kitalu A alikipalilia kila wiki. Kitalu B hakukigusa. Kila Ijumaa saa sita kamili alipima urefu wa miche na upana wa majani, na Jumatatu angevuna vyote viwili na kuvipima uzito mbele ya Bwana Wathome. Kufikia sasa, sukuma ya B ilikuwa chini ya nusu ya ile ya A, na ilikuwa ikionekana kwa shida kati ya magugu ya terere na kishona nguo.

Padri alimaliza, akamwachia mchungaji, naye akaomba kwa ajili ya kila somo kwa jina lake. Alipofika Jiografia, Mutanu alijipenyeza kwenye mlango wa nyuma.

Wazazi walikuwa wametapakaa uwanjani, kando ya hema la wageni, wakisubiri zamu yao ya kuingia. Alimwona mama yake, Kalunde, karibu na ua wa shamba la shule, pamoja na wanawake wanne kutoka Kivaa. Wote watano walikuwa wa kikundi kimoja cha mwethya, wanaolimiana mashamba kwa zamu, na walikuwa wamekuja pamoja kwa sababu hakuna siku waliyofanya kazi yoyote peke yao. Walikuwa wanapukuta udongo mikononi.

Mutanu alitazama nyuma yao. Kitalu B kilikuwa safi. Udongo ulikuwa umetifuliwa na kulainishwa, miche ishirini na minne imesimama kwenye mistari, kila mmoja umepandishiwa udongo shinani.

"Umetoka?" Kalunde alisema. "Kuja uone. Tumekuondolea aibu."

"Mwaitu," Mutanu alisema. Mama.

"Watu walikuwa wanapita hapa wakienda kwa hema. Wanasoma jina lako kwa kijiti, wanaangalia hayo magugu, halafu wananiangalia mimi. Mimi, mwenyekiti wa mwethya."

"Tukasema mtoto amezama kwa vitabu," alisema Mama Kilonzo, mkubwa kuliko wote. "Na hii ni kazi gani kwa watu watano? Hata jasho haijatoka."

"Na majani ya chini?"

"Yalikuwa yanageuka manjano. Tukayavunja, tukapelekea mpishi. Hata huko kwingine tumekusaidia." Mama Kilonzo alionyesha kitalu A. Majani ya chini ya huko pia hayakuwapo.

Mutanu alitazama kijiti chake. Kilisema MUTANU MUTHOKA, B. Hakuwa ameona haja ya kuandika zaidi. Shule nzima ilijua. Lakini wazazi hawakuwa shule.

Aliwashukuru, kwa sababu walikuwa watu wazima na walikuwa wametoka mbali, akatembea hadi nyuma ya maabara.

Mwendwa alimfuata huko, na baada ya dakika chache Kabiru akaja pia. Kabiru alikuwa mtoto wa wenye duka la vifaa vya ujenzi sokoni Masinga, watu waliohamia kutoka Murang'a kabla hajazaliwa. Jaribio lake lilikuwa la kufunika udongo wa spinachi kwa nyasi, na lilikuwa zuri.

"Turudishe magugu," Mwendwa alisema. "Kishona nguo iko tele kwa ua. Tuchimbe usiku tupande."

"Yatanyauka kabla ya Jumapili."

"Basi jaza hiyo safu ya mwisho. Umepima wiki saba. Unajua mstari unaenda wapi, si uuvute tu ufike? Waambie ulivuna leo, mbuzi wakaingia."

Mutanu alikuwa amekwisha kulifikiria hilo kabla Mwendwa hajafungua mdomo. Angeweza kukokotoa uzito wa kitalu B na asikosee kwa zaidi ya gramu mia mbili. Hilo ndilo lililomsumbua: tarakimu ya uongo ingekuwa karibu kabisa na ya kweli, na hakuna mtu ambaye angeweza kuzitofautisha, hata yeye mwenyewe baada ya mwaka.

"Mimi sitasema kitu," Kabiru alisema. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Ni vibaya ilivyotokea. Ukijaza, mimi sijaona."

"Unasema hivyo kwa sababu unajua nitashindwa hata nikijaza."

"Nasema hivyo kwa sababu nakula nyumbani kwenu kila nikija Kivaa."

Chakula kilipotolewa, Mutanu alikuta sahanini mwake wali, nyama vipande viwili, na sukuma wiki. Aliigeuza kwa kijiko. Ilikuwa imekatwakatwa na kuchanganywa na kabichi, na haingeweza tena kupimwa. Akaila.

Kisha alienda kwenye hema akiwa na daftari la jaribio. Wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye mstari mmoja, mabunda yao miguuni.

"Mwaitu, mlianza saa ngapi?"

"Kuanza nini?"

"Kupalilia."

Kalunde alifikiri. "Mlipoingia tu. Mwalimu alikuwa ametoka kupiga kengele."

"Saa tano kasorobo. Mkamaliza?"

"Ukitoka, tulikuwa tunamaliza. Mbona unauliza kama polisi?"

"Magugu mlipeleka wapi?"

"Kishona nguo tuliwapa mbuzi wa yule mlinzi. Terere ni hii." Kalunde aligusa bunda lake kwa mguu. "Ungetaka tutupe? Ni chakula cha jioni."

Mutanu aliomba mizani ya jikoni. Mpishi aliileta mwenyewe, akitaka kuona. Mabunda matano yalifunguliwa moja baada ya jingine, leso zikapimwa kando na terere kando. Ilikuwa kilo sita na gramu mia nne za terere. Za kishona nguo: haijulikani, imeliwa. Mutanu aliandika. Wazazi wa viti vya nyuma walisimama kutazama, na mmoja akauliza kama terere ilikuwa ya mnada.

Kalunde hakucheka. Alikuwa akitazama daftari, safu saba zilizojaa na moja tupu.

"Tumeharibu," alisema.

Mutanu angeweza kusema hapana. "Ndiyo," alisema.

"Yale yalikuwa yaachwe vile."

"Ndiyo. Yalikuwa ndiyo kazi."

Mama Kilonzo alianza kusema kitu kuhusu Mungu, lakini Kalunde akamwinulia kiganja. Akatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na udongo kwenye kucha.

"Utaandika ni sisi?"

"Nitaandika kilichotokea."

"Basi andika jina langu vizuri. Usiandike tu mzazi, ikaonekana ni mama ya mtu mwingine."

Jumatatu Bwana Wathome alikuja kwa pikipiki, mtu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa. Alianza na spinachi za Kabiru, akapima, akauliza maswali matano au sita, akaridhika. Kisha alisimama kwenye kitalu B akisoma daftari la Mutanu kwa muda mrefu hata Mutanu akaanza kukunja utepe mfukoni.

"Kalunde Muthoka ni nani?"

"Mama yangu."

"Umeandika jina la mama yako chini ya makosa?"

"Hapana, bwana. Hayo ni matukio. Makosa ni mstari unaofuata."

Aliusoma. *Mtafiti hakuweka kibao cha kueleza jaribio, huku akijua kwamba wageni wakulima wangepita.* Akafunga daftari.

"Huna matokeo."

"Sina."

"Kabiru anayo. Nafasi ya Januari ni yake."

Mutanu alikuwa ametarajia hivyo tangu Ijumaa.

"Machi tunapanda ya mvua ndefu," Bwana Wathome aliendelea, akivaa kofia. "Nimeomba mtu wa pili. Sijajibiwa, kwa hiyo sikuahidi. Ukiwa na jaribio lililokamilika kabla Februari haijaisha, nipigie. Hata matokeo yakiwa mabaya. Lakini likamilike."

Mtihani ulikuja ukaisha. Siku ya mwisho wavulana walivua sweta, na mashati yakaonekana yote, yamejaa majina mgongoni na kifuani. Mutanu alijaza daftari la Mwendwa: *Kivaa.* Asubuhi iliyofuata alikuwa nyumbani akipima udongo kwa utepe.

Mvua za Novemba zilikuwa zimenyesha vya kutosha. Sehemu tambarare iliyokuwa karibu na tangi la maji ilikuwa moja tu, kando ya njia wanayopita watu wote wa kijiji wakienda sokoni na kanisani. Aliweka vitalu viwili hapo. Alizungushia kamba na kusimamisha kibao cha bati: JARIBIO. MAGUGU YA B YASING'OLEWE.

Watu walisoma kibao, na hakikuwazuia kusema. Kufikia Krismasi kishona nguo ilifika magotini.

"Mama Mutanu," jirani yao Musau aliita Jumapili moja kutoka njiani, akiwa na familia yake yote, "tangu uwe mwenyekiti umeanza kulima majani?"

"Ni ya kipimo."

"Kipimo cha uvivu?"

"Pita, Musau. Kanisa litaanza bila wewe."

Kalunde alihamishia kigoda chake pale. Alipukuchulia mahindi pale, akachambulia kunde pale, na wanawake wa mwethya walipopita na majembe aliinuka na kusimama kati yao na kamba. Mama Kilonzo alisema kwamba macho yake yalikuwa yanauma kuangalia kitu hicho, na Kalunde akamwambia aangalie kitalu A.

Ijumaa ya pili ya Januari, saa sita ikikaribia, Mutanu alitoka na daftari. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, mikono ameikalia. Kisha akautoa mmoja, akainama, akang'oa shina moja la kishona nguo lililoota kando ya kamba. Alilitazama, akaitazama kamba, akaipima nafasi iliyokuwa katikati kwa shubiri.

"Lilikuwa nje," alisema.

"Nimeona."

Mutanu alishika mche wa kwanza na kukunjua utepe.

"Ngoja," Kalunde alisema, akitazama simu yake. "Bado dakika mbili."