Mkate Uliorudishwa Jikoni

Mpishi alikuwa amewapikia wageni wa hoteli tangu hajaota ndevu mpaka zikawa nyeupe, lakini kwake hakuwahi kushika mwiko. Kinyozi hajinyoi, ndivyo alivyojitetea, na mkewe akacheka, akapika mwenyewe miaka nenda miaka rudi.

Sasa mke alikuwa kitandani, macho na mifupa tu, kooni hakipiti kitu ila maji. Daktari alisema wazi: asipokula leo, kesho anarudi hospitali kulishwa kwa mpira wa puani. Naye mgonjwa alishaapa, kule harudi, afie kwake.

Asubuhi hiyo akafumbua macho. "Baba, ule mkate wa Wafaransa uliokuwa ukituringia nao, wa nyama ya nguruwe na jibini. Leo nionjeshe."

Mzee akatoka mbio kwenda dukani kama kijana aliyeitwa na mchumba. Aliporudi akayeyusha siagi, akatia unga, akamimina maziwa huku anakoroga. Mikono yake ilizoea masufuria ya watu mia. Hiki kilikuwa kisufuria cha chai. Unga ukazidi, sosi ikafanya madonge. Akaipaka hivyo hivyo juu ya mkate, akautia kwenye oveni. Ukatoka wa kahawia, jibini inachuruzika, harufu nyumba nzima.

"Nausikia!" mkewe akaita kutoka chumbani. "Leta, baba, nina njaa."

Dada wa mgonjwa, aliyekuja kumuuguza, akanyoosha mkono achukue sahani. Mpishi akaizuia.

"Ina madonge."

"Madonge? Mimi naona chakula."

"Shemeji, chenye kasoro hakitoki jikoni kwangu."

"Kwako tangu lini? Sufuria hizi zinakujua? Mtu anaomba kwa kinywa chake!"

"Ngoja kidogo tu. Mara ya kwanza kumpikia, nimpe kitu cha aibu?"

Akausukumia mkate kwenye ndoo ya taka. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyowafunza wengine. Shemeji akashika kichwa.

Akaanza upya, moto mdogo, maziwa kidogo kidogo, kungumanga ya kunyunyiza. Safari hii sosi ikawa laini kama hariri. Mkate ulipoiva akaukata pembetatu, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, ndipo akaingia nao chumbani.

Mkewe alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama watoto, tayari."

Akageuka taratibu, akapokea kipande, akatafuna mara moja. Kikabaki shavuni.

"Njaa imekwenda zake, baba. Ilikuja, ukaiweka mlangoni."

"Jaribu tena. Huu ndio mzuri."

"Hata ule ulikuwa mzuri."

Shemeji akafungua kabati, akaanza kukunja nguo za mgonjwa na kuzitia begini. Mpishi akakaa na sahani magotini, jibini ikiganda, akimsikiliza mkewe akiuliza kwa sauti ndogo kama gari la hospitali kesho litakuja asubuhi au mchana.