Maneno Yasiyomfikia Ochoki

Siku Momanyi alipokufa, mkewe Nyakerario alikuwa ameketi juu ya gunia nje ya jikoni, akibambua maharagwe. Mtoto wao Ochoki, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amechuchumaa karibu naye akipanga vifuniko vya soda juu ya udongo. Mvua ilikuwa imeanuka, na migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Wanaume wawili waliingia uani wakiwa wamevua kofia, na hawakuhitaji kusema mengi. Mkaratusi ambao Momanyi alikuwa ameitwa kuukata huko Nyansiongo ulikuwa umeangukia upande ambao hakuutarajia.

Nyangate, mama yake Momanyi, ndiye aliyepiga yowe kwanza. Wanawake wa jirani walilipokea, likateremka kupitia mashamba ya chai hadi mtoni, likapanda ng'ambo ya pili. Kuku walikimbilia chini ya ghala. Ochoki, akiwa amewapa mgongo wale wanaume, alimaliza safu moja ya vifuniko akaanza nyingine.

Watu walimwona. "Mtoto ameelewa," mmoja wao alisema. "Amelimeza yowe lake."

Kuanzia siku hiyo ukimya wa Ochoki ulikuwa na mwanzo. Kabla ya hapo alikuwa mtoto tu asiyesema, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza kwa makini.

Momanyi alizikwa kando ya migomba. Waombolezaji walikaa kwa muda unaofaa, wakanywa chai, wakaimba, wakaondoka mmoja mmoja hadi nyumba ikabaki na watu wake wawili. Asubuhi moja Nyakerario alikuwa akifagia sebuleni alipokanyaga kitu, na sauti ya mama mkwe wake ikasema kutoka chini ya unyayo, "Ochoki, njoo ule." Nyangate mwenyewe wakati huo alikuwa kisimani. Nyakerario aliinama. Sakafuni palikuwa na vitu vingine vya aina ile, vya rangi ya kahawia, vyepesi, kila kimoja kama ganda la njegere lililokauka. Alikiminya kimoja. Kikasema "Ochoki, mjukuu wangu" na kuwa unga.

Hakushangaa. Kila mtu anajua kwamba neno likikosa kumfika aliyeambiwa huanguka. Baada ya mikutano ya siasa pale Keroka, wafagiaji hujaza mikokoteni. Katika kanisa lao la Sabato, mashemasi hufagia chini ya mabenchi kila Jumapili asubuhi, na rundo kubwa hutoka upande wanaokaa vijana. Wakati Momanyi alipokuwa hai, nyumba ilikuwa na kelele za kutosha, na neno lililokanyagwa lilidhaniwa kuwa ni mtu anayesema. Sasa nyumba ilikuwa kimya na kila kitu kilisikika.

Kilichomsumbua ni wingi. Alianza kuangalia. Kila alichoambiwa Ochoki kilianguka kabla ya kumfikia. Mengine yaliishia miguuni pake, mengine mapajani, naye alikaa katikati yake akila ndizi.

"Ni msiba," Nyangate alisema alipoonyeshwa. "Moyo wake umefunga mlango. Mwache."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka utakapofunguka. Hata Haron, mjomba wake Momanyi, alikaa kimya hadi akafika umri wa kwenda shule. Na leo ukikutana naye njiani utachelewa sokoni."

"Huyo Haron, mama, si afadhali angeachwa vile vile."

Nyangate alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akajifuta macho kwa pindo la leso na kwenda kukamua ng'ombe.

Nyakerario hakuweza kuyatupa maneno yale shimoni pamoja na takataka. Mwanzoni aliyamwaga nyuma ya jiko, lakini kuku wakayadonoa, na asubuhi nzima mtoto wake akawa anaitwa kutoka matumboni mwa kuku. Jirani yao, mke wa Mose, alikuja hadi uani.

"Mama Ochoki, kuku wako wanamwita mtoto wako katika mboga zangu."

"Nisamehe, nitawafungia."

"Si kitu. Lakini jogoo ana sauti ya mama mkwe wako, na mimi nikimsikia huyo huwa nanyanyuka kwenda kuitika. Nimenyanyuka mara nyingi mno leo."

Baada ya hapo Nyakerario aliyaweka kwenye gunia, akalifunga kwa kamba ya mgomba na kulitundika kwenye boriti.

Alimpeleka mtoto zahanati. Daktari wa hapo alikuwa kijana mpole aliyevaa sweta ndani ya koti jeupe. Alimtazama Ochoki akipanda kiti, akishuka, akivuta droo na kuirudisha vizuri. Akamsikiliza kifua. Akamwangalia ulimi.

"Habari yako, kijana? Unaitwa nani?" daktari aliuliza.

Maneno yakaanguka mezani. Daktari akayasukuma kwa mgongo wa mkono hadi kwenye pipa la taka, pamoja na karatasi za sindano.

"Huyu ana afya nzuri," alisema. "Wavulana huchelewa kusema. Na huyu amefiwa na baba, usisahau. Una haraka ya nini, mama? Ngoja afikishe miaka mitatu. Kama hatakuwa amesema, mlete."

Nyakerario alishukuru. Njiani alikuwa na nafuu kidogo, kama mtu aliyeruhusiwa kutua mzigo. Akangoja. Alichuma chai asubuhi, akaipeleka kituoni, akarudi, akapika. Mchana mrefu wa Sabato aliketi na mwanawe kibarazani na kumweleza mambo: jinsi mito inavyopita chini ya majani, jinsi baba yake alivyokuwa akikosea nyimbo kanisani na kuimba kwa nguvu zaidi palipokosewa. Jioni alifagia alichomweleza. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumweleza, na ilikuwa vigumu kuyaona maneno yake mwenyewe yakiwa chini, mazima kama alivyoyasema.

Kabla ya sikukuu za Desemba aliamua kuikandika upya sakafu ya chumba cha kulala. Alichanganya udongo na samadi, akasukuma kitanda hadi katikati. Nyuma yake, kando ya ukuta, palikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyaona. Yalikuwa makubwa kuliko yale ya sebuleni, meusi kwa vumbi, yamezongwa na utando wa buibui. Alichukua moja akaliminya.

"Ochoki! Baba amekuja. Wewe Ochoki!"

Ilikuwa sauti ya Momanyi, na uchovu wake wa jioni, na pumzi ya mtu anayeinama kuvua buti za shamba. Neno likawa unga katika vidole vyake. Nyakerario aliketi kwenye sakafu ambayo haijakandikwa, na udongo uliochanganywa ukaanza kukauka ndani ya karai.

Alikumbuka. Momanyi alikuwa akiingia na kuita kutoka mlangoni. Mtoto alikuwa akikaa juu ya kitanda kile, uso ukutani, akicheza na kamba ya neti. Hakuwa akigeuka hata siku moja mpaka baba yake amshike, na akishikwa alicheka hadi kukosa pumzi. Wao wawili walikuwa wakisema mtoto wao ni mwenye maringo, anapenda kubembelezwa.

Lakini hakuna mtoto anayeomboleza baba aliyesimama mlangoni akimwita. Maneno haya yalianguka wakati nyumba haijui kilio. Ochoki hakuwa amefunga mlango wowote. Hakuwahi kuyasikia.

Aliyakusanya yote. Baadhi yalikuwa na matundu madogo, kwa kuwa fukusi huingia katika maneno kama wanavyoingia katika maharagwe. Akayatia kwenye chungu, akayachanganya na jivu la maganda ya maharagwe, akafunika. Hakuminya jingine. Neno lililoanguka husema mara moja tu, na haya hayakuwa yake.

Kesho yake baba mkwe wake, mzee Obwocha, alikuja uani. Kwa heshima iliyopo kati ya mzee na mke wa mwanawe, Obwocha hakuwahi kuingia katika nyumba ile tangu ijengwe, wala kumtazama Nyakerario usoni. Akiwa na neno, alisimama karibu na zizi na kulisema akiwatazama ng'ombe.

"Mkamwana, nimesikia unampeleka mtoto hospitali kubwa."

"Ndiyo, baba," Nyakerario alijibu kutoka jikoni.

"Ni vizuri. Mtoto huyo hasikii. Nilikuwa nikipigilia bati za zizi hili, yeye akitambaa hapa nyuma yangu. Ndama walikata kamba kwa zile kelele. Yeye hakugeuza kichwa."

"Momanyi alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Nyakerario aliusonga ugali kwa muda. "Mbona hukusema, baba?"

"Ningeingilia mlango upi?" Obwocha alimsugua ng'ombe mgongoni. "Nilimwambia mama yenu."

Nyangate alikuwa ameketi papo hapo jikoni akichambua mboga ya chinsaga. Hakuinua uso. "Aliniambia juma la mazishi," alisema. "Ningekuletea na hilo pia, kaburi likiwa bichi? Nikasema tungoje kidogo."

Hakuna aliyemkaripia mwenzake. Hakuna neno lililoanguka, maana yote yalikuwa yamesikika. Obwocha akawaaga ng'ombe na kurudi kwake.

Hospitali ilikuwa ya misheni, mbali, na walilala kwa mtu wa kanisa ili wafike asubuhi. Mama mmoja wa makamo, mpimaji wa masikio, alimwingiza Ochoki katika chumba kidogo chenye kuta za sifongo, akamvika vitu masikioni na kumtazama kupitia kioo. Ochoki alivua vile vitu, akavipanga vizuri juu ya meza. Alivikwa tena. Vipimo vilichukua muda mrefu. Mpimaji alipotoka alifunga mlango polepole.

"Husikia ngurumo kwa mbali, pengine," alisema. "Sauti ya mtu haimfikii. Masikio yote mawili, na inaonekana ni hivyo tangu azaliwe. Mtoto akiitwa na hageuki, mama, haingojwi hata mwezi. Asipobwabwaja kabla ya mwaka mmoja, haingojwi. Huu ndio wakati ubongo unajifunza, na miaka hiyo hairudi. Kwa nini mmechelewa hivi?"

"Niliambiwa nina haraka," Nyakerario alisema.

Mpimaji alivuta kiti akaketi karibu naye. Kisha akaeleza kwamba kuna vifaa vya kuvaa masikioni, kwamba huenda vikamsaidia kiasi, na kwamba watoto wanaovingoja ni wengi kuliko vifaa vinavyoletwa. Wangempigia simu zamu yake ikifika.

Nyakerario alitoa chungu kwenye kikapu akafunua. Aliuliza kama vifaa hivyo vingemwezesha mtoto kuyasikia haya. Mpimaji aliinua neno moja kwa ncha za vidole, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni ya nani?"

"Ya baba yake."

"Ukiyaweka pakavu yanaweza kudumu," alisema akilirudisha kwa uangalifu. "Lakini yasikae sana."

Walirudi nyumbani. Chai ilichumwa, ikapunguka kwa baridi, ikachipua tena. Simu haikulia. Nyakerario alipopiga mwenyewe aliambiwa awe na subira. Siku moja alimpeleka Ochoki zahanati kwa kikohozi, na akiwa kwenye benchi la nje alimsikia yule daktari kijana, kupitia mlango uliokuwa wazi, akimwambia mama mwingine kwamba wavulana huchelewa. Mama yule alitoka akiwa na nafuu usoni. Mtoto wake alikuwa mgongoni, macho makubwa, na juu ya shali lao lilikuwa limening'inia neno la kahawia. Nyakerario alisimama akamwambia alichoambiwa na mpimaji wa misheni. Mama yule alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Daktari amesema tungoje," alijibu, akapangusa shali na kwenda zake.

Mvua za masika zilipoanza, Nyakerario alifunua chungu na kukuta jivu limejaa unga wa kahawia. Fukusi walikuwa wamepita. Maneno mengi yalikuwa maganda matupu, na alipoyaminya hayakusema kitu. Yaliyobaki mazima yalitosha ukofi mmoja.

Aliyabeba hadi kibarazani. Ochoki alikuwa ameketi akitazama maji yakichuruzika kutoka kwenye bati. Nyakerario aliketi mbele yake, akachukua neno moja, akaliweka katika kiganja cha mwanawe na kumfunga vidole, kisha akafunika ngumi ile kwa mikono yake miwili na kuibana. Sauti ya Momanyi ilisema ndani ya ngumi kwamba baba amekuja. Neno lilitetemeka kama mbawakawa aliyeshikwa, kisha likatulia. Ochoki aliitazama ngumi yake. Alimtazama mama yake. Akacheka kwa namna alivyokuwa akicheka alipokuwa akinyanyuliwa kitandani.

Alifungua mkono, akaona unga, akaupuliza. Kisha akanyoosha kiganja kudai jingine.

Nyakerario alimpa. Akampa na jingine. Walikaa pale hadi ukofi ukaisha, mvua ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuyasikia ya mwisho.

Ochoki sasa ana miaka minne na nusu. Simu haijapigwa. Nyakerario akitaka kumwita, hutua kikapu cha chai, na huenda hadi alipo.